Hapakuwa na Ng'ombe Katika Barua ya Wafula

Jumapili, 14 Mei 1978. Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani.

Nyawira, binti yangu, mama,

Leo hatukati miwa. Wenzangu wengine wameenda kanisani, wengine wamefuata pombe, na mimi nimebaki mlangoni mwa chumba changu na karai nililolifudikiza likawa meza. Muriuki, yule fundi wa trekta wa kutoka Othaya, anaenda likizo kesho. Amekubali kukuletea barua hii mkononi. Ameahidi kufika Kiganjo Jumanne, na wewe unaondoka nyumbani Jumatano, kwa hivyo naomba basi lisimharibikie njiani.

Barua yako nimeisoma mpaka imekatika kwenye mikunjo. Nimeelewa kwamba utakaa Karatina mpaka chuo kifunguliwe, ukifanya kazi ya kujitolea katika kile chumba cha kanisa nyuma ya soko, mahali wanaposaidiwa watu waliotoka mbali kutafuta kazi: wachuma kahawa, vibarua wa mpunga wa Mwea, wapagazi wa sokoni. Umesema siku ya kwanza, Alhamisi, utawekwa kwenye meza ya barua, uwasomee wasiojua kusoma na uwaandikie majibu. Habari za blanketi, na za chakula, na za watu wa kuogopa mjini, mama yako atakuambia, tena atarudia. Mimi siziandiki. Niko na jambo moja tu, na limenichukua miaka kumi na miwili kulifikia.

Katika barua yako uliweka kitu katika mistari miwili, kama mtu anayetaja kwamba mvua ilinyesha. Ulisema siku ulipokwenda kuonyeshwa chumba hicho, aliingia mzee wa mkokoteni, Mluhya, kidole kimoja hana, akauliza, "Iko barua yangu?" Na wale akina mama wa kanisa wakamjibu kwa upole kwamba bado, kisha wakakuambia kwamba huja kila siku ya soko na hajawahi kuandikiwa. Ulisema anaitwa Wafula.

Mama, huyo namjua. Na barua yake iko. Ninayo mimi.

Utashangaa pia kwamba nakuandikia Kiswahili na si Kikuyu. Kosa hili nililifanya kwa Kiswahili, na naona ni afadhali nilikiri kwa lugha ileile. Tena ukiona inafaa kumsomea Wafula na hii yangu, ataielewa bila kufasiriwa. Amesomewa mambo yaliyogeuzwa ya kutosha.

Unajua kwamba zamani, wewe ukiwa mdogo, nilifanya kazi kwa mzungu wa kahawa upande wa mjini Nyeri. Labda hujui nilikuwa nani pale. Nilikuwa mchuma kahawa kama wengine, lakini nilikuwa na darasa la nne kabla shule yetu haijafungwa wakati wa hali ya hatari, na katika laini zile, mabanda ya vibarua wa shamba, darasa la nne lilikuwa jambo kubwa. Watu wa mbali waliniita Karani. Jioni walikuja na bahasha zao, nikawasomea, nikawaandikia. Nilipenda sana kuitwa hivyo. Nakuambia hili kwa sababu kuanzia Alhamisi na wewe utaitwa jina la namna hiyo, na ni tamu.

Wafula alikuwa Mbukusu, Mluhya wa Bungoma, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono ya kuchuma isiyochuna tawi. Hakuwa mtu wa kusomewa barua na mikono michafu. Akisikia iko barua yake, kwanza alikwenda bombani akanawa mpaka viwiko, akavaa shati lake jeupe, ndipo akaja akaketi juu ya debe, magoti pamoja, kama mtu aliye kanisani.

Mwaka ule kahawa iliiva yote kwa mara moja. Mwezi wa kumi na moja miti ilikuwa myekundu kutoka ofisini mpaka chini mtoni, na mvua ilikuwa inaiangusha. Barua zilikuja ofisini, na nyapara akanipa nizipange. Hakujua kusoma Kiswahili vizuri, alikuwa akiniuliza. Kwa desturi yetu nilifungua zile ambazo wenyewe walinipa ruhusa, na Wafula alikuwa mmoja wao.

"Hiyo ni ya nani?" nyapara akaniuliza.

"Ya Wafula. Baba yake ni mgonjwa, karibu kufa. Anamwita."

Akatazama kahawa. "Wafula akienda, wale wenzake kumi na mmoja watabaki? Si watamsindikiza wote, ati msiba ni wa kijiji? Halafu hii itachumwa na nani? Na mama yako?"

Nikaigeuza bahasha mkononi.

"Posta ni mbali, bwana," akasema. "Barua huchelewa. Mpaka kahawa iishe, usimsomee."

"Na akiniuliza? Ameshaona bahasha."

"Wewe si ndiye unajua kusoma? Basi soma."

Nataka ujue kwamba hakunipiga, wala hakunitisha. Aliongeza tu kwamba mtu wa mizani anaondoka mwisho wa mwezi, na kwamba pale kwenye mizani kuna paa.

Wafula akaja na shati jeupe. Nikafungua barua mbele yake, nikaishika vizuri, macho yangu yakifuata mistari ya kweli na mdomo ukisema mingine. Nikasema wote hawajambo. Nikasema mvua ni nzuri, mahindi yamefika kiunoni. Nikasema ng'ombe wa baba yake amezaa ndama jike.

Akakunja uso kidogo. "Mahindi kiunoni? Mwezi huu? Simiyu amepanda lini?"

Simiyu ni ndugu yake mdogo, ndiye aliyeandika barua. Mimi nilikuwa nimesema mahindi ya Nyeri, Nyawira, mahindi ya mvua za vuli, kwa sababu sikujua mengine. Sasa nimekaa huku magharibi, nimeona mwenyewe kwamba mwezi wa kumi na moja mahindi yao yameshavunwa, yako ghalani. Mtoto mdogo wa huku angeniumbua. Lakini Wafula alinitafutia njia mwenyewe. Akacheka, akasema, "Labda amejaribu mbegu mpya. Huyo ni mbishi tangu tumboni." Kisha akasema, "Soma tena, Karani."

Nikasoma tena. Maneno ambayo hayakuandikwa ni magumu kuyarudia.

"Na ng'ombe?" akaniuliza. "Umemruka ng'ombe."

Nikamrudisha ng'ombe. Akapiga paja lake kwa furaha. "Ng'ombe wa mzee amezaa! Sasa atakunywa maziwa mpaka alalamike." Akatoa mfukoni yai la kuchemsha, akanipa. Na mimi nikalila.

Barua ya kweli ilikuwa fupi. Ninaijua kwa moyo. Simiyu alisema baba yao ameanguka na hali chakula, na kwamba amekataa kumbariki mtu yeyote kabla hajamtemea Wafula mate kifuani, kwa kuwa ndiye mzaliwa wa kwanza. Alisema, panda gari lolote, usingoje nguo. Mimi si mgeni wa jambo hilo. Na mimi baba yangu alinitemea mate kifuani, nikiwa kijana, asubuhi kwenye baridi, na mpaka leo nikiogopa kitu mkono wangu hupanda wenyewe hapo kifuani. Nilijua kabisa ninachomnyima.

Kahawa iliisha baada ya Krismasi. Nilikuwa tayari nimeshahamia mizani, chini ya paa. Wiki hiyo akaja mtu wa kwao akitafuta kazi, akamkuta Wafula bombani, akamwambia pole ya msiba. Wafula akafikiri anataniwa. Alikuja kwangu bila shati jeupe, mikono ina matope.

"Karani, baba amezikwa. Wanasema waliniandikia. Hiyo barua ilipotea wapi?"

Nikasema, "Posta."

Akatikisa kichwa, akasema, "Posta ni mbaya." Akaketi juu ya debe langu la mizani na mimi nikasimama karibu naye. Watu walifikiri ninamfariji.

Hakwenda nyumbani. Niliwahi kumuuliza, akaniambia, "Nitawaambia nini? Mkubwa wa nyumba, baba anamwita, anachuma kahawa. Hata mbwa wa pale watanibwekea." Nilikuwa na maneno ya kumrudisha kwao, ndani ya koti langu, na sikuyatoa. Barua, ambayo Wafula aliniachia niitunze kama zake zote, nilishindwa kuichoma. Nilifungua uzi wa bitana ya koti langu jeusi nikaiweka humo, nikashona. Kwa kazi ya mizani wewe ulipata viatu vyako vya kwanza vya shule. Nilikufungia kamba zake mwenyewe asubuhi ile. Ulikanyaga kila dimbwi kutoka nyumbani hadi shuleni kwa makusudi, na mimi sikukukemea.

Baadaye shamba liliuzwa, likagawanywa, laini zikang'olewa mabati. Watu wa mbali wakatawanyika. Mimi nikarudi kulima kwetu na kutafuta kazi za kibarua. Wafula akanunua mkokoteni, akaenda soko la Karatina. Hapo ndipo ninapofika kwenye swali lako.

Siku niliyoondoka kuja huku ulinisindikiza mpaka stendi na ulikuwa umekasirika, hukutaka kubeba hata mfuko. Uliniuliza, "Baba, kwani hapa hakuna kazi?" Nikakuambia vijana wamejaa. Mama yako naye anaamini niliondoka kwa sababu ya kazi. Si kweli yote. Kila nilipopeleka viazi Karatina, sauti ilitoka kati ya magunia: "Karani! Karani wangu!" Wafula aliacha mteja, akaja kunishika mkono kwa mikono yote miwili. Aliwaambia wapagazi wenzake, "Huyu ndiye aliyekuwa ananisomea barua. Mtu mzuri kabisa." Alichukua gunia langu kwenye mkokoteni wake na kukataa malipo. Wenzake walimtania, "Wafula, huyu Mkikuyu alikuloga?" naye anacheka, anasukuma. Mara ya mwisho nilijificha nyuma ya lori la kabichi mpaka apite. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nimechutama nyuma ya gurudumu. Niliporudi nyumbani siku ile nilimwambia mama yako nimesikia kuna kazi ya miwa magharibi.

Nilimkimbia Wafula nikaja kwao. Sikulipanga hivyo, ila kazi ilikuwa huku.

Huku hawaniiti kwa jina. Wananiita Nyeri. "Nyeri, sogea." "Nyeri, mstari wako umebaki nyuma." Sisi kule tulikuwa tukisema "Mluhya, leta debe," na sikuwahi kufikiri kwamba inauma. Inauma kidogo tu, lakini kila siku. Kikuyu nakisema ninapofua suruali, peke yangu, na nikisikia mtu anakuja nanyamaza. Asubuhi nikitoka natazama mahali ambapo kule kwetu ungeuona mlima, na kuna miwa. Hakuna anayenitesa. Watu wa huku ni wakarimu, wananipa mboga. Lakini hakuna anayejua nilikuwa mtoto wa nani.

Krismasi iliyopita nilishikwa na malaria mpaka macho yakakataa kusoma. Barua yako ilikuja siku hizo. Jirani yangu Okumu, mkata miwa mwenzangu, akakubali kunisomea. Akafika katikati akasimama.

"Nyeri, hapa binti amekuwa mkali. Niruke?"

"Anasemaje?"

"Ndiyo maana nauliza. Wewe ni mgonjwa."

Nikamwambia asome. Akakohoa, akasoma kwamba umechoka kuwaambia watu baba yako yuko kazini, kwamba kuna siku unasahau sura yangu, na kwamba kama sitaki kurudi niseme wazi. Akamaliza, akaikunja, akaniwekea kando ya kichwa, akatoka. Nilijigeuza ukutani. Yalikuwa makali, lakini yalikuwa yako, na nilikunywa uji jioni ile kwa mara ya kwanza katika siku tatu. Tangu hapo nilijua hasa nilichomwibia Wafula. Kama Okumu angenihurumia, ningelala na barua ya mtoto mwingine ambaye hayupo.

Nilipopata nguvu nikaenda kumtafuta Simiyu. Kutoka huku ni mabasi mawili na kutembea. Nilisema nimefahamiana na Wafula Nyeri. Loo, walivyonipokea! Kuku alichinjwa kabla sijakaa sawasawa. Simiyu sasa ana mvi na bado ni mbishi. "Kwani nyinyi Nyeri hamna posta?" akaniuliza, wote wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Kisha akanionyesha kiwanja cha kaka yake. Mpaka umepandwa upya, mahali pa nyumba panafagiliwa. Nikamuuliza kuhusu baba yao.

"Alingoja siku kumi na tisa," Simiyu akasema. "Kila gari likilia barabarani anasema, huyo ni yeye, niinueni niketi. Tunamwinua. Nilipomwambia, baba, basi nibariki mimi, akafunga mdomo. Alikufa na baraka zetu zote mdomoni."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Koti lilikuwa mwilini. Nilimla kuku wa watu, nikasindikizwa mpaka barabarani na watoto wamenibebea ndizi, nikapanda basi sijasema kitu. Sikufichi hilo, ili usije ukafikiri baba yako alitubu akawa shujaa. Niliishia kula tena.

Barua yako hii ya mwisho ilipofika, na mistari yako miwili, nilifanya hesabu ya mtu mwoga. Nilisema: nitamaliza mkataba, nitaipeleka kwa mkono wangu mwenyewe mwezi wa nane, ndiyo heshima. Usimtwike mtoto mzigo wako. Lilikuwa neno zuri, nikalishika wiki nzima. Kisha juzi, nikiwa kwenye mstari, panga mkononi, nikasikia ninachosema. Mpaka miwa iishe. Nyawira, hilo ni neno la nyapara, nimebadilisha mmea tu.

Kwa hivyo nimefumua bitana. Barua ya Simiyu iko ndani ya bahasha hii, katika karatasi ya buluu ya sukari. Nisamehe kwa kuiweka juu ya meza yako siku yako ya kwanza. Najua ulitaka kuanza na kazi nyepesi.

Wafula atakuja Alhamisi, ni siku ya soko. Atauliza kama kawaida. Mwambie iko. Mwache anawe mikono, usimharakishe. Msomee yote kama Simiyu alivyoandika, na akisema rudia, rudia maneno yaleyale. Mwambie ilikuwa kwa nani miaka hii yote, na kwamba wewe ni mtoto wangu. Atakasirika, au hatakasirika; kwa Wafula naogopa zaidi asipokasirika. Usiniombee msamaha. Usimwambie nilikuwa maskini, wala habari za viatu. Mwambie kiwanja chake kinafagiliwa, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Atakuuliza kuhusu ng'ombe. Ninamjua, atauliza, maana amemtunza ng'ombe yule miaka kumi na miwili. Mwambie hapakuwa na ng'ombe. Na kama baada ya hapo hutaki kuniandikia, andika hivyo, Okumu atanisomea.

Mkataba wangu unaisha Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Jumanne inayofuata, siku ya soko, nitashuka Karatina kabla sijafika nyumbani, nije mpaka kwenye chumba chenu, niketi kwenye benchi na watu wa mbali nikingoja zamu yangu. Mwambie Wafula nitakuwa hapo, na kwamba akitaka kwenda kwao na mtu wa kuwaeleza kwa nini alichelewa, njia sasa naijua.

Baba yako,
Gathogo